Habari za Jembe na Udongo Pembezoni mwa Dar es Salaam

Katika kitabu hiki cha Yubile wenzetu wameandika habari za makanisa yaliyojengwa, na za shule, na za watu waliotutangulia katika kazi hizo. Sisi tumetakwa tuandike habari za jembe. Labda wako watakaoshangaa na kuuliza, "Jembe nalo lina historia?" Lakini sote twajua ya kuwa katika vigango vya upande wa Kinondoni na Temeke sadaka nyingi za wazee wetu hazikuwa fedha. Zilikuwa muhogo, nazi, kunde, na pengine kuku mmoja aliyefungwa miguu. Hayo yote yalitoka katika udongo. Na udongo huo, kama mtu, una habari zake: ulikuwa na siku za nguvu, ukapata siku za kuchoka, na mahali pengine umeanza kupona.

Hatuandiki ili kusifu mambo ya kale, wala ili kumlaumu mtu. Twaandika ili waalimu wapate la kuwafundishia watoto, na wenye mashamba wapate kufikiri kabla ya kuyaacha au kuyauza.

I. NCHI YENYEWE

Mtu atokaye pwani ya Kunduchi au ya Kigamboni akielekea bara hukuta kwanza mchanga juu ya mawe ya matumbawe. Akiendelea, hukuta ardhi inayopanda polepole, yenye mchanga uliochanganyika na udongo mwekundu kidogo, hata afike vilima vya Pugu, ambako huchimbwa udongo mweupe wa kaolini. Katikati ya ardhi hiyo hupita mito: Mpiji upande wa kaskazini, Msimbazi katikati, na Kizinga na Mzinga upande wa Temeke. Katika mabonde ya mito hiyo udongo ni mweusi na mzito, ndio ufaao mpunga na mboga. Lakini mabonde ni machache. Sehemu kubwa ya nchi ni kichanga.

Yafaa tuelewe vema tabia ya kichanga, maana historia yote tutakayoieleza imejengwa juu yake. Kichanga ni chepesi kulimika, hata mtoto hukiweza. Lakini ni kama chungio. Mvua ya masika inyeshapo, tangu Machi hata Mei, maji hupita upesi kwenda chini, nayo huchukua chakula cha mimea na kukishusha mahali ambapo mizizi haifiki. Mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 1,000 au huzidi kidogo, na sehemu kubwa huanguka katika miezi hiyo michache. Kitu kimoja tu huzuia hasara hiyo, nacho ni mabaki ya majani na mizizi yaliyooza yakawa meusi, ambayo wakulima huyaita mboji. Mboji hushika maji na chakula cha mimea kama sifongo lishikavyo maji. Kichanga chenye mboji ni shamba; kisicho na mboji ni mchanga wa kujengea tu.

II. DESTURI YA WAZEE

Kabla ya mji kuwako, hapa palikuwa na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima, na bara yake waliishi Wazaramo wakilima. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid wa Unguja alianza kujenga mji na bandari, akaupa jina la Dar es Salaam. Mji ukahitaji chakula, na chakula kikatoka mashambani.

Wazee walikuwa na ukulima wao. Walifyeka kichaka, wakangoja kikauke, wakakichoma moto, kisha wakapanda mtama, au mpunga bondeni, na kati ya mistari wakatia kunde, choroko na maboga. Muhogo, ulioletwa na Wareno kutoka Amerika katika karne za nyuma, ulizidi kupendwa kadiri miaka ilivyopita, kwa sababu huvumilia ukame na huweza kungoja ardhini hata wenyewe watakapouhitaji. Baada ya miaka michache, mazao yalipopungua, waliliacha shamba lile lilale, wakahamia jingine. Kichaka kikarudi, majani yakaanguka na kuoza, mboji ikajengeka upya.

Wageni wengi walioona desturi hiyo waliidharau, wakasema ni uvivu na uharibifu. Hatukubali maneno hayo yote, wala hatuyakatai yote. Ni kweli ya kuwa moto hutoa majivu, na majivu hulisha mimea kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini naitrojeni, ambayo ndiyo chakula cha majani mabichi, hupotea pamoja na moshi. Ni kweli vilevile ya kuwa, palipokuwa na ardhi nyingi na watu wachache, hasara hiyo ililipwa na miaka ya mapumziko. Desturi ilikuwa na hesabu yake, na hesabu ilitimia. Tabu ilianza pale mapumziko yalipoondolewa na moto ukabaki.

Na katika jambo moja wazee walitangulia elimu ya vitabu. Mwaka 1888, mwaka uleule wamisionari Wabenedikto walipofika Pugu, wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walieleza wazi kwa nini mimea ya jamii ya kunde huacha ardhi ikiwa na nguvu. Walionyesha ya kuwa katika vinundu vya mizizi yake hukaa vijidudu vidogo sana vinavyochukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Wazee wetu hawakujua habari za vijidudu. Lakini kunde walikuwa wakiipanda kati ya mtama, maana waliona kwa macho ya kuwa mahali palipotoka kunde panafaa.

III. PAMBA YA JUMBE

Wadachi, yaani Wajerumani, walipokwisha kuimarisha utawala wao, na Dar es Salaam ikawa makao makuu yao tangu 1891, walitaka nchi itoe mali ya kupeleka Ulaya. Mwaka 1902, katika wilaya ya Dar es Salaam, wakaanzisha mashamba ya pamba ya ushirika wa amri. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walilima humo siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa kati ya wafanya kazi, jumbe, na chama cha kuuza. Fungu la aliyeshika jembe lilikuwa dogo mno, hata wako waliokataa kulipokea.

Wengine husema watu walichukia pamba. Sisi twaona walichukia jambo jingine. Pamba ilidai mikono katika majuma yaleyale ambayo mtama na mpunga vilidai kupaliliwa na kulindwa na ndege na nguruwe. Mtu alipotoka shamba la jumbe akarudi kwake, alikuta magugu yamemshinda. Basi pamba ililipwa kwa njaa ya nyumbani.

Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa miche ya pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa dawa ya maji huko Ngarambe, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huohuo, walakini vita viliendelea hata 1907, na baadhi ya Wazaramo wakaingia ndani yake. Majeshi ya serikali yalichoma maghala na mashamba. Wanahistoria wengine huhesabu waliokufa kuwa 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa na magonjwa. Mashamba ya amri yakaachwa. Hilo ndilo fundisho la kwanza la habari zetu, nalo lilinunuliwa ghali: mazao yaliyopandwa kwa kiboko huharibu shamba na mwenye shamba pamoja.

IV. MUHOGO NA WATU WA AMANI

Baada ya vita vya 1914 hata 1918 Waingereza walishika nchi. Kwa sheria ya mwaka 1926 tawala za wenyeji zilipewa uwezo wa kutoa amri, na katika amri hizo mara nyingi ilikuwamo ile ya kupanda muhogo kwa ajili ya njaa, hasa baada ya nzige wa mwanzo wa miaka ya 1930. Amri hiyo ilikuwa na faida yake, maana muhogo umeokoa watu wengi. Lakini muhogo nao una deni lake. Ukivunwa, mizizi huondoka na chakula kingi cha ardhi, hasa potasiamu. Mtu akipanda muhogo juu ya muhogo miaka kumi asirudishe kitu, asistaajabu akiona mizizi imekuwa kama vidole.

Tena ugonjwa ukaja. Batobato ya muhogo, ambayo hukunja majani na kuyatia madoa ya manjano, iliandikwa na Wadachi huko Usambara tangu 1894. Wadachi walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani, Usambara, mwaka 1902, na Waingereza wakakiendeleza. Huko, tangu miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walifanya kazi ambayo kila mlaji wa muhogo angepaswa kuijua. Waliuoza muhogo kwa mti wa mpira, ule ulioletwa kutoka Brazili, maana hao wawili ni ndugu wa jamii moja. Watoto wa kwanza walikuwa wagumu, mizizi yao haifai kuliwa. Lakini hawakuugua upesi. Kisha wakawaoza tena kwa muhogo, mara baada ya mara, hata wakapata mimea yenye mizizi mizuri na ukakamavu wa mpira. D. L. Jennings akaiendeleza kazi hiyo hata 1957. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria, na mihogo mingi inayostahimili batobato katika Afrika yote leo ina damu ya Amani ndani yake.

Storey huyohuyo, mwaka 1936, alieleza ugonjwa wa pili, ambao sisi watu wa pwani twaujua kwa uchungu zaidi: michirizi ya kahawia. Huu ni mdanganyifu. Majani huonekana mazuri, mwenye shamba hufurahi, na siku ya kuvuna hukata mzizi akakuta ndani umeoza na kuwa kahawia kama gome. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, na tena na mikono yetu wenyewe, tunapopeana pingili za kupanda bila kuuliza zimetoka shamba gani. Kituo cha utafiti cha Kibaha, kilicho jirani nasi, kimeshughulika na mihogo inayovumilia michirizi, kama ule uitwao Kiroba. Lakini hata mbegu njema ikipandwa katika ardhi yenye njaa itakuwa na njaa.

V. MATUTA YA ULUGURU

Hapa yatupasa tutoke kidogo katika mipaka yetu, kwa sababu maji tunywayo Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, na Ruvu hushuka kutoka milima ya Uluguru. Katika miaka ya mwisho ya utawala wao Waingereza waliona ya kuwa udongo wa milima ile unaoshwa na mvua na kuteremshwa mitoni. Katika jambo hilo hawakukosea. Basi tangu 1950 wakaanzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yote ya miteremko.

Mpango ulikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la udongo: walipochimba ngazi, udongo mwembamba wenye rutuba ulifukiwa chini, na ule mkavu usio na kitu ukawekwa juu, kwa hiyo mara nyingi mazao ya matuta yakawa duni kuliko ya zamani. La pili ni la watu: wanawake kwa wanaume walitolewa katika kazi zao, na aliyekataa alitozwa faini. Mwaka 1955 watu wakafanya ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa.

Katika miaka hiyohiyo serikali ya Uingereza ilikwisha kuona hasara nyingine huko Kongwa. Mpango mkubwa wa karanga, ulioanza 1947 kwa matrekta na mamilioni ya pauni, uliachwa 1951, maana udongo wa Kongwa ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama sakafu, na mvua haikutosha. Hasara ilikuwa pauni milioni 36. Wenye mashine walishindwa, na wenye amri walishindwa, kwa sababu ile moja: hawakumwuliza mtu aliyeishi juu ya udongo ule.

VI. BAADA YA UHURU

Tulipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, jembe lilipata heshima mpya. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba, ili mtoto asifundishwe kudharau kazi ya wazazi wake. Miaka michache baadaye, upande wa Kigamboni, kikaanzishwa kijiji cha Ujamaa cha Gezaulole, ambacho watu wasio na kazi mjini walikwenda kulima. Jina lenyewe ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Tena kukaja Siasa ni Kilimo mwaka 1972, na Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974 na 1975, hata katika vibaraza vya mjini watu wakapanda mahindi. Mwaka 1972 kiwanda cha mbolea kilifunguliwa Tanga. Lakini kilifungwa 1991, na mbolea za chumvichumvi zikawa tena za kuagizwa kutoka ng'ambo, kwa bei isiyomtazama mkulima mdogo usoni.

Hayo yote yalikuwa na nia njema. Walakini kukusanywa kwa watu katika vijiji, hasa mwaka 1974, kulifanya mashamba ya karibu yalimwe kila mwaka bila kupumzika, na yale ya mbali yakaachwa kwa nguruwe. Ile hesabu ya wazee ikavunjika.

Kisha mji wenyewe ukaja. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapata 273,000. Mwaka 2022 mkoa ulihesabiwa watu 5,383,728. Palipokuwa mashamba ya mihogo na mikorosho, Mbagala, Mbezi, Goba, Bunju, Chamazi, pamekuwa nyumba. Hata wilaya zenyewe zimegawanyika: Ubungo ilitoka Kinondoni, na Kigamboni ikatoka Temeke. Kanuni za mwaka 1992 juu ya kilimo cha mjini zilimwekea mtu mmoja mpaka wa eka tatu. Lakini katika vigango vyetu wenye eka tatu ni wachache. Wengi wana nusu eka, au robo, au kipande cha bonde kati ya nyumba na mfereji. Juu ya vipande hivyo hulimwa mchicha, matembele, majani ya kunde, bamia na kisamvu, ambavyo mji mzima hula.

Na minazi, ambayo ilikuwa akiba ya kila nyumba, imepata msiba. Ugonjwa wa kunyong'onyea huangusha nazi changa, hugeuza makuti kuwa manjano, na mwisho kilele chote huanguka, mti ukabaki kama nguzo. Kituo cha Mikocheni, katika Kinondoni, kilianza kazi yake kwa ajili ya minazi, na hata leo minazi inayokinza kabisa ugonjwa huo haijapatikana.

VII. MAJANI YA MIEMBE

Sasa twaomba ruhusa kusimulia jambo letu wenyewe, na wasomaji watusamehe.

Katika uwanja wa kigango chetu, upande wa Temeke, kuna miembe mikubwa. Kila Jumamosi vijana walifagia majani yake, wakayakusanya, na sisi tukawasha moto, ili Dominika watu waingie mahali safi. Tulifanya hivyo miaka mingi. Na kila mwaka, kabla ya masika, tulisali pamoja na watu kuombea mashamba.

Jumamosi moja alikuja bibi mmoja wa kigango, mjane mwenye nusu eka ya kichanga. Akasimama akautazama moto, akasema, "Mwalimu, kila juma mwachoma mbolea yangu."

Tukajibu, "Bibi, haya ni takataka."

Akasema, "Ni takataka za nani? Miembe imekula udongo wa mahali hapa miaka yote. Nayo yataka kuurudisha, nanyi mwaupeleka mbinguni kwa moshi. Huko hakuna shamba."

Tukacheka, yeye hakucheka. Wakati ule mwanawe alikuwa akimhimiza auze ile nusu eka, kwa maneno haya, "Mama, udongo umekufa." Mnunuzi alikwisha kuja kupima kwa hatua. Bibi aliomba mambo mawili tu: apewe majani yale, na mwanawe angoje masika mawili.

Alifanya kazi yake hivi. Alipanga tabaka la majani makavu, juu yake tabaka la magugu mabichi na maganda ya mihogo, juu yake samadi kidogo ya kuku, na majivu ya jikoni kiganjani. Akanyunyiza maji, akapanga tena, hata rundo likafika kiunoni. Akalifunika makuti jua lisilikaushe. Kila baada ya majuma machache aligeuza ndani ikawa nje. Baada ya miezi mitatu hivi rundo lilikuwa jeusi, lanukia kama msitu baada ya mvua. Hakulitawanya shamba zima, maana lisingetosha. Alitia viganja viwili katika kila shimo la muhogo. Kati ya mistari akapanda kunde, na magugu aliyopalilia akayalaza juu ya ardhi yawe matandazo, asiyachome. Na pingili zake alizichagua katika mashina ambayo mizizi yake aliikata akaona ni meupe ndani.

Baadaye tulisoma ya kuwa Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore katika Bara Hindi tangu 1924 hata 1931, aliandika njia iliyo karibu sawa na hiyo, na mwenyewe alikiri ya kuwa wakulima wa Kihindi walikuwa waalimu wake. Bibi yule hakupata kusikia jina la Indore. Alisema alifundishwa na mamaye.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusema ya kuwa mwaka wa kwanza alitajirika. Masika ya kwanza mavuno yalizidi kidogo tu, na mwanawe akanung'unika. Masika ya pili ndipo tulipoona tofauti: mvua ilikatika mapema, mihogo ya jirani ikakunja majani, na ile ya bibi ikasimama mabichi, kwa sababu mboji na matandazo vilishika maji. Mwanawe hakusema neno. Lakini siku ya kuvuna alikuja na jembe lake mwenyewe. Ile nusu eka ipo hata leo, wala haijauzwa.

Na hapa pana hesabu ambayo waalimu waweza kuiandika ubaoni. Muhogo ukipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, eka moja huchukua mashina yapata 4,000. Kila shina likizidi kwa kilo moja tu, eka imezidi tani nne. Haba na haba hujaza kibaba.

VIII. MAONYO NA MASHAURI

Kwanza, bonde si salama kwa sababu tu ni la kijani. Wataalamu waliopima mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, katika miaka ya 1990, walikuta ndani yake madini mazito, hata risasi. Maji yatokayo viwandani na karakana hayafai kumwagilia mchicha wa kuwalisha watoto. Afadhali kisima, au maji ya mvua yaliyokingwa.

Pili, samadi ya kuku ikitiwa mbichi huunguza miche. Ichanganywe na majani, ioze kwanza.

Tatu, mbolea ya dukani si adui. Lakini katika kichanga kisicho na mboji, ukiitia yote kwa mara moja mwanzo wa masika, mvua itaichukua pamoja na fedha yako. Itiwe kidogo kidogo, karibu na shina, na katika ardhi iliyokwisha kulishwa mboji.

Nne, takataka za mji ni chakula cha mashamba ya mji. Huko Mabwepande, katika Kinondoni, manispaa kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani imejenga kiwanda cha kugeuza taka za masokoni kuwa mboji. Kila kigango chenye mwembe chaweza kuwa na kiwanda chake kidogo, bila ya gharama ila jembe la uma na mtu asiyeona haya.

IX. NENO KWA WAALIMU

Tumebakiwa na neno moja, nalo ni gumu kwetu kulisema. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka jinsi tulivyopewa jembe. Aliyechelewa alilima. Aliyeshindwa hesabu alilima. Aliyesema uongo alilima hatua kumi, na aliyeiba alilima ishirini. Nasi tulipokuwa waalimu tukafanya yaleyale tuliyofanyiwa. Kisha twakaa barazani tukisikitika ya kuwa vijana hawapendi kilimo, wanauza mashamba ya baba zao wanunue pikipiki. Wangependaje kitu walichokutana nacho kila mara wakiwa na hatia?

Twaona sasa ya kuwa kosa letu ni tawi la kosa lile lile la zamani. Jumbe aliyesimamia pamba kwa kiboko, ofisa aliyetoza faini juu ya matuta, na mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa jembe, wote watatu wamefundisha somo moja, kwamba udongo ni adhabu. Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe darasa. Sisi tulilifanya gereza.

Basi katika kigango chetu tumeacha. Mtoto mkosaji ana adhabu nyingine. Jembe hupewa yule aliyefanya vema, naye huonyeshwa kipande chake, na kinachotoka humo ni chake, akipeleke kwa mamaye. Mwanzo watoto hawakuamini. Yule wa kwanza kuvuna mchicha wake alikimbia nao nyumbani bila kungoja kengele.

Wazee walitupokeza ardhi iliyopumzika. Sisi tuliipokea tukaichosha, baadhi kwa kulazimishwa, baadhi kwa kutojua, na baadhi kwa uvivu wa kuwasha kiberiti. Tukitaka wajukuu wetu waikute ikiwa hai, kazi haianzi katika ofisi yo yote. Inaanza Jumamosi hii, kwa ufagio, chini ya mwembe. Majani yale yakusanywe, yapelekwe pembeni, yafunikwe makuti. Na kiberiti kibaki mfukoni.